Mtoto Mmoja Bado Yupo

Nekesa wangu,

Umeenda soko la Toi kutafuta begi la magurudumu, na mimi nimekuambia usinunue la kwanza kuona, zunguka, jaribu zipu, bishana na watu. Ukweli ni kwamba nilitaka uchelewe. Watoto wamelala wote kwenye mikeka, Agripina ninayelea naye yuko nje anaanua nepi, na mimi nimekaa kwenye kale kastuli ka plastiki karibu na mlango. Naandika kwa kalamu kwa sababu ukinikuta na simu nimeinama hivi utataka kujua namwandikia nani. Kesho asubuhi unaenda Kigali. Nimeiandika sentensi hiyo ili niione kwa macho, maana mdomoni inanikwama.

Sitakuambia mambo ya kula na kuvaa. Ulijua kusonga ugali kabla hujajua kufunga kamba za viatu, na huko ukikosa ugali utakula wanachokula wenzako. Nataka kukujibu lile swali lako la Jumapili. Tulikuwa tunatoka kanisani, ukaniuliza, "Mathe, unaona niende?" Ukasema ukiniona nasita hata kidogo utawapigia hao watu wa Kigali uwaambie hapana. Mimi nikakujibu kwamba nyanya zitaisha kwa kibanda, twende haraka. Jumatatu pia sikujibu. Jana uliponiangalia tu bila kuuliza, nilichukua ufagio nikaanza kufagia nyumba ambayo Agripina alikuwa ametoka kuifagia. Haki, si dharau. Ni woga. Naogopa, Nekesa, naogopa vibaya sana, na ni afadhali nikuambie hivyo kabla sijaanza kujifanya mtu wa busara.

Si Kigali naogopa. Watu wameenda mbali kuliko hapo na wakarudi na vitambi. Naogopa kazi unayoenda kufanya, kwa sababu naijua. Huku mtaani kwetu Kongo, Kawangware, wazazi wengine wakisema mtoto wao ni mtu wa kompyuta, hawajui kama anazitengeneza au anazipanguza vumbi. Mimi najua. Unaenda kuweka kale kadirisha kako ka skrini kwenye programu ya hospitali, manesi wakatumie wodini. Na kadirisha hako kalianzia hapa, mkononi mwangu, na mkono huu huu ndio ulioharibu.

Ngoja, mmoja ameamka.

Nimerudi. Alikuwa Bravin, alitaka maji tu, amelala tena. Huyo nitamfikia.

Unakumbuka programu ilivyokuwa mwanzoni? Ulikuwa umemaliza chuo, kazi hujapata, unashinda hapa ukinisaidia kulea watoto wa watu. Ukaona vile mambo yote nayaweka kichwani: nani anakohoa, nani maziwa yanamdhuru, nani leo atachukuliwa na shangazi yake. Ukaniandikia programu ya kufungua kwenye ile tableti iliyopasuka kioo. Ilikuwa nzuri, sikatai. Lakini kuandika tu kwamba mtoto ana homa, nilikuwa nibonyeze Watoto, halafu jina, halafu Afya, halafu Joto, halafu Hifadhi, na huku mtoto mwenyewe amenitapikia begani. Nilikutukana siku hiyo. Nilisema hii kitu imeandikwa na mtu ambaye hajawahi kubeba mtoto wa mtu. Ulikaa juu ya ndoo asubuhi nzima ukiniangalia nikifanya kazi, na jioni ukasema, "Ni kama Toi, Mathe."

Sikuelewa mpaka uliponieleza. Ulisema enzi zile tukikaa Kibera, nikiuza nguo za watoto pale Toi, mteja hakuwa anapekua rundo lote. Alisimama tu akasema anachotaka, sweta nyekundu ya mtoto wa mwaka mmoja, na wewe kadogo hivyo unazama ndani ya mitumba unatoka nayo juu. Basi ukaniwekea kadirisha. Kuna kitufe kimoja chini ya skrini, pale kidole gumba kinafika. Nikikibonyeza, kadirisha kanafunguka katikati kananiuliza: Unataka nini? Naandika "homa bra", hata jina simalizi, kenyewe kanajua nataka kuandika homa ya Bravin. Naandika "piga bra", simu inaita kwa mama yake. Hakuna kupekua, na mkono mmoja unatosha.

Halafu ukakafanya kawe ka kila mtu na vile anapenda. Ukasema yeyote anayekatumia anaweza kukapanga mwenyewe: maneno yake, lipi likae juu, rangi gani, kaulize nini na kasiulize nini. Agripina akaweka maneno ya Kibukusu na akawa anakaongelesha kama mkaza mwana. Mimi nikaweka ya kwangu. Sijawahi kukuona na furaha vile. Ulisema, "Kadirisha ni kako, kapange unavyotaka."

Na ili ujaribu kama kanafanya kazi, ulihitaji mtoto. Ukajiandikisha wewe: Nekesa, miaka mitatu, anakula kila kitu, anayeruhusiwa kumchukua ni Mama. Hatukuwahi kukufuta. Mpaka leo, jioni watoto wakiisha kuchukuliwa, programu inaandika pale chini: mtoto mmoja bado yupo. Na Agripina hachoki, kila jioni lazima aseme, "Huyu wako amekataa kwenda." Uliwahi kutaka kujiondoa, mimi nikakuambia wacha tu, kwani unasumbua nani.

Sasa ile jioni ya Bravin. Ulikuwepo, najua. Lakini hujawahi kuisikia kutoka kwangu, maana kila tukianza kuiongea, kila mmoja anakimbilia kusema kosa ni lake, na tunaishia kunyamaziana.

Unajua hapa kwetu mtoto anachukuliwa na yeyote wa ploti. Mama amecheleweshwa huko Lavington anakofua, jirani akipita anamchukua wake na wa mwenzake. Ndivyo tunaishi. Kumwangalia jirani usoni umuulize wewe ni nani na umetumwa na nani, ni kumwambia mbele za watu kwamba ni mwizi wa watoto. Sasa kadirisha kako, kila nikiandika "toa" na jina, kanauliza: Nani anamchukua? Kila mtoto, kila jioni, wazazi wamejaa mlangoni wamechoka, na mimi nimeinamia skrini kama askari wa geti. Niliona aibu. Nikaingia pale pa kupanga nikalizima lile swali. Kidole kimoja tu, likazimika. Nilijiona mjanja sana. Nilimwambia Agripina hawa wote nawajua, kwani kompyuta ndiyo itanitambulisha kwa majirani wangu?

Ile jioni ilinyesha tangu saa kumi. Akaja mwanamke na beseni limefunikwa, akasema Mama Bravin amemtuma, kazi imemweka. Alimwita Bravin kwa jina na Bravin akamkimbilia. Nilikuwa na mtoto mwingine begani analia. Nikaandika "toa bra". Kadirisha kakafungua, kakafunga, hakakuuliza kitu, kama nilivyokaambia. Nikamvalisha Bravin kofia ya sweta asinyeshewe. Mimi mwenyewe, Nekesa. Nilimfunga vifungo mpaka juu na nikamwambia kwaheri.

Halafu Mama Bravin akaja. Akasimama mlangoni anakung'uta maji kwenye viatu, akasema, "Niitieni Bravin."

Sijui kama uliniona uso. Wewe ulinipokonya tableti ukaangalia. Jina la mtoto lilikuwepo, saa ilikuwepo, na pale pa aliyemchukua palikuwa patupu. Mama Bravin alikaa chini kwenye mkeka na viatu vyake vya matope akasema kwa sauti ndogo kwamba alimtoroka baba ya huyu mtoto kwa sababu ya kichapo, na kwamba huyo mtu aliapa siku akimpata Bravin atampeleka mahali hata yeye mama hatajua. Kisha akauliza huyo mwanamke alikuwaje. Mimi sikukumbuka kitu, hata nguo aliyovaa. Agripina ndiye alisema alinuka samaki, omena. Mama Bravin akashika kichwa. Dada ya huyo mwanaume anauza omena karibu na Toi. Anakoishi hakujua, alikuwa amehama.

Mpaka leo sikumbuki tulifikaje Kibera. Nakumbuka tu kwamba akina mama walikuwa wanafunga vibanda, na mimi nakimbia kutoka kwa mmoja hadi mwingine, wale niliouza nao zamani, wengine wananisalimia kwa furaha, "Mama Nekesa, umepotea sana," na mimi siwezi hata kujibu salamu. Mmoja akatuelekeza nyuma ya reli. Tulimkuta Bravin amevaa fulana ya mtu mzima, nguo zake zimeanikwa juu ya jiko, anakula chapati. Akamwona mama yake akamwonyesha chapati. Yule dada hata hakuwa mtu mbaya. Alisema ndugu yake alimwomba tu amletee mtoto amwone, na kwamba yuko njiani anakuja.

Alikuwa njiani. Nikifika hapo kichwani huwa nasimama, sisongi mbele. Sisi tulifika kabla yake, na hatukufika kabla yake kwa akili wala kwa programu. Tulifika tu.

Wiki iliyofuata Mama Bravin alimrudisha mtoto hapa. Nilidhani amenisamehe. Nikaanza kumshukuru, nikashika mkono wake, na akaniambia bila hasira yoyote, "Sina pengine pa kumpeleka, Mama Nekesa." Maneno hayo nalala nayo.

Wewe ulikataa chakula. Ulisema ni wewe uliyeniachia pa kuzima kitu ambacho hakifai kuzimwa, na kwamba utakaondoa kadirisha kabisa, turudi kwa kubonyeza bonyeza. Nikakuambia ukithubutu. Ukakaandika upya. Ulipomaliza nikaenda pale pa kupanga, nikaona kila kitu bado ni changu, maneno, rangi, mpangilio, isipokuwa lile swali moja. Pa kulizima hapako. Na mtu akiwa mpya kwa orodha ya wanaomchukua mtoto, kadirisha kanauliza tena mara ya pili: Una hakika? Nilikasirika. Baada ya yote yale, bado nilikasirika, ndivyo nilivyo. Nilikuambia unanifungia kama mtoto, mimi niliyekuzaa. Ukanijibu bila kuinua kichwa, "Hata mimi siwezi kulizima, Mathe. Nimejifungia na mimi."

Wameamka. Wacha niwape uji.

Sasa wamekunywa, nusu imeenda tumboni na nusu iko sakafuni. Nilikuwa wapi? Kufungia. Kuna jambo hukumbuki kwa sababu ulikuwa na miaka mitatu.

Ulinipotea Toi. Nilikuwa nabishana na mteja juu ya suruali, nikageuka, hupo. Niliacha biashara wazi nikakimbia nikipiga nduru kwenye zile njia nyembamba mpaka mtu akanionyesha mstari wa wauza viatu. Jamaa mmoja alikuwa amekukalisha juu ya meza yake katikati ya viatu. Nikanyoosha mikono. Akanizuia kwa kiganja hivi. Akaniuliza, "Mama, huyu mtoto amevaa soksi gani?" Nekesa, nilimtukana huyo mtu kwa Kibukusu, Kiswahili na Kiingereza kidogo nilicho nacho. Yeye alingoja tu. Mwisho nikasema moja ni ya njano na nyingine ni ya bluu, kwa sababu hatukuwa na mbili zinazofanana. Akakuvua kiatu, akaangalia, akakuvua cha pili, akaangalia. Ndipo akakuweka mikononi mwangu. Sikusema asante. Miaka yote nimesimulia hiyo hadithi, uliisikia mara ngapi, ya yule muuza viatu mwenye kiburi aliyenidharau mbele ya watu.

Ile jioni ya Bravin tulipita kwa ule mstari tukikimbia. Hayuko tena, vibanda vimebadilika. Nilipita pale nikajua kwamba mtu yule ndiye peke yake aliyefanya kazi siku ile uliyopotea. Mama yeyote wa pale angesema ni wake, ungempa mikono kama Bravin alivyompa shangazi yake. Aliniuliza kwa sababu alikuwa amekubeba, na ukibeba mtoto wa mtu huwezi kumwachilia kwa sababu tu aliyekuja anaharakisha. Na mimi niliyeulizwa, niliyepewa mtoto wangu kwa sababu ya swali, ndiye nilikuja kulizima.

Unajua nilifanya nini baada ya hapo? Sikujifunza kuuliza. Nilijifunza kufunga. Nilichukua leso nikakufunga kiunoni, na ncha nyingine kwenye mguu wa kibanda. Wateja walicheka wakasema nafuga mbuzi. Wewe ulifungua fundo. Nikakaza, ukafungua. Siku moja nikageuka nikakuta fundo limefunguka, leso umeikunja vizuri umeiweka kando, na wewe umekaa pale pale. Nikakuuliza mbona hukuenda. Ukasema ulitaka tu kujua kama inafunguka. Niliacha kukufunga na leso, lakini mkono haukuacha. Ulipoitwa shule ya bweni kule Bungoma nikasema utasoma hapa hapa, ulale nyumbani, eti maji ya huko si mazuri. Maji yalikuwa mazuri. Mimi ndiye nilishindwa kulala nikifikiria kitanda chako kitupu.

Kwa hivyo usione nimenyamaza wiki nzima ukadhani napima kazi kama inafaa. Nilikuwa natafuta fundo.

Na sababu nilikuwa nazo, tena nzuri. Naogopa hiyo hospitali. Hapa kalikosea, tukakimbia Kibera na miguu yetu tukampata. Huko nesi anaandika neno moja na nusu kwenye kadirisha kako, saa tisa za usiku, mgonjwa mwingine anamwita, na kadirisha kanatii. Dawa imeenda. Utakimbilia wapi? Utauliza nani kama alinuka omena? Usiku huwa naamka nikiona hicho kidole cha huyo nesi, simjui, lakini kidole nakijua kwa sababu ni changu. Amechoka kama mimi. Anaona swali ni usumbufu, kama mimi. Atakuja kwako na tabasamu akuombe uweke mahali pa kulizima, na atakuwa na haki, watu watakuwa wamepanga foleni kweli, na bosi wako atamuunga mkono. Na wewe unapenda kuwapendeza watu, Nekesa, umechukua hiyo kutoka kwangu. Hapo ndipo naogopa zaidi.

Siwezi kukuambia ufanye nini, kazi hiyo inanishinda. Ninachoweza kukuomba ni kimoja. Kabla hujawaandikia kitu chochote, tafuta ndoo. Pindua ndoo wodini, kaa juu yake asubuhi nzima uwaangalie, vile uliniangalia mimi. Wakikuambia watu wa kompyuta hawakai wodini, waambie mama yako amesema. Uone mkono gani uko huru na mkono gani umeshika mtu. Wape maneno yao, wape rangi, waweke vya kwao juu, hata wakitaka kadirisha kaongee Kinyarwanda kaongee. Na pale penye mtu kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, waulize, wakikukasirikia waache wakasirike. Mimi nilikukasirikia na bado nakupikia.

Nasikia sauti yako kwa geti unamsalimia Agripina. Naficha hii.

Ni jioni sasa. Begi lako ni zuri, zipu ni nzima, nimejifanya nalikagua sana ili nisikuangalie. Uko chumbani unapanga. Mimi nimewatoa watoto, na nimeketi tena mlangoni nimalizie.

Hebu nikuambie vile jioni zimekuwa, maana wewe siku hizi unashinda kwa kompyuta huoni. Sasa nauliza kwa sauti, mbele ya wote. Nani anamchukua? Siku za kwanza walikunja uso. Mama mmoja alisema nimekuwa mkubwa. Siku hizi wanajibu kabla sijauliza, mtu yuko bado kwa geti anasema ni mimi, mama yake, andika. Kuna jirani anajitaja majina yote matatu na kijiji alichotoka, kila siku, na anasimama nyuma yangu kuhakikisha nimeandika vizuri. Leo Mama Bravin alikuja wa mwisho. Niliuliza, akasema jina lake, nikabonyeza. Halafu akasema nikuambie usafiri salama. Aliuliza kama utakuwa ukirudi Krismasi. Ni mara ya kwanza anaongea nami kitu kisichohusu mtoto wake, na niliitikia vibaya, nilisema nyanya ni ghali, sijui kwa nini.

Alipoondoka, pale chini pakaandikwa kama kawaida: mtoto mmoja bado yupo. Agripina akasema yale yake.

Nikabonyeza kitufe. Kadirisha kakafunguka kakaniuliza nataka nini. Nikaandika "toa nek". Kakauliza nani anamchukua, na kwenye orodha yako palikuwa na mtu mmoja tu, Mama. Ningebonyeza hapo kangekubali mara moja bila maneno, na ungekuwa umetoka mkononi mwangu umerudi mkononi mwangu. Kidole kilikuwa juu ya jina langu mwenyewe. Halafu nikaongeza mtu mpya. Kakataka jina lake. Nikaandika: mwenyewe.

Ni mpya kwa orodha, kwa hivyo kakauliza tena vile ulikafundisha. Una hakika?

Sina hakika, Nekesa. Sijawahi kuwa na hakika hata siku moja tangu nikuzae, na nilitafuta pa kulizima hilo swali, nikakumbuka hapako. Nikabonyeza ndiyo.

Watoto wote wamechukuliwa, ndivyo panasema pale chini. Sijawahi kuiona hiyo sentensi tangu ujiandikishe. Agripina ameisoma begani mwangu, leo hajacheka, ameenda kukunja mikeka. Na wewe unaniita huko ndani nije nikalie begi lifungike, limejaa sana.

Nakuja.

Mama yako